Wali wa Matanga ya Papa Beya

Mtumbwi wa injini ulipokuwa ukivuka mto Lualaba, Papa Beya alimgeukia Josiane, mwuzaji wa asiransi, yaani bima, ya maisha. Aliitaka ili mke wake Fidélie asije akabaki mikono mitupu, ila figo zake zilikuwa mbovu tangu miaka sita.

"Papa, kampuni itaogopa utakufa mapema."

"Mama, mimi nilishakufa. Wakati wa vita nilijificha kule Punia, huku nyumbani wakafanya matanga yangu. Nilirudi siku ya tatu, nikala wali wa kunililia mimi mwenyewe."

"Pengine wali ule ndio uliharibu figo."

Papa alicheka, akapokea fomu na kalamu ya Josiane, kisha akanong'ona, "Na nikizificha kwenye fomu?"

"Wakigundua, Fidélie hatapata kitu. Andika ukweli. Mimi nitawaambia kampuni kwamba hata kwenye matanga yako ulichelewa."

Mtumbwi uligusa ukingo. Watu waliteremka, Papa bado ameshika kalamu juu ya swali la magonjwa.