Bahasha Iliyorudi Bila Kufunguliwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tumkumbuke mama ambaye wengi wenu mlimwita Bi Bahasha. Alituaga Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa mpiga chapa, na kwa miaka thelathini alikuwa katibu wa chama.

Zamani zile kila kitu kiliamuliwa makao makuu. Barabara, dawa za zahanati, hata mgombea wetu. Jina lilikuja ndani ya bahasha, Bi Bahasha akalisoma, watu wakapiga makofi, basi. Wapinzani hawakujisumbua kuja. Wangegombea nini, na hapa hapakuwa na cha kuamua?

Kisha mikoa ikapewa serikali zake. Kiti cha mkoa kikawa kitu cha kutolewa jasho. Bahasha ikaja vilevile, na fununu zilishatangulia: jina ni la mtu asiyejua hata zahanati yetu iko upande gani. Bi Bahasha akairudisha bila kuifungua.

Wakamfukuza. Akaanzisha chama cha mkoa, kwa meza moja na mashine yake ya chapa. "Dada alichapa ilani mpaka vidole vikavimba," anakumbuka mdogo wake. Wakashinda. Vyama vikubwa vikashtuka, navyo vikaanza kutafuta wagombea wanaofahamika huku.

Chama kikakua, kikapata jengo na mlinzi mlangoni. Na hapa, wapendwa, sitampamba kwa kuwa amefariki. Siku moja Bi Bahasha naye alituma bahasha. Aliituma kwa katibu wa kata, ambaye ni binti yake wa kumzaa, fundi cherehani.

Ikarudi bila kufunguliwa.

"Niliandika juu yake: Shikamoo mama, huku tunachagua wenyewe," anasema binti. "Nilijua atanifukuza kama alivyofukuzwa yeye."

Hakumfukuza. Alinuna wiki nzima, hata simu hapokei. Siku ya uchaguzi wa kata akaja, akakaa benchi la nyuma, akatumbukiza kura yake moja kama sisi wote. Akitoka akamwambia binti, "Umenipata, mwanangu. Jeuri hiyo umeirithi kwangu."

Kwa binti, mdogo wa marehemu na familia nzima: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize: madaraka yalishuka kutoka makao makuu hadi mkoani. Je, yamefika mlangoni kwako, au yamekwama kwenye ofisi ya mtu unayempenda?

Bahasha ile iliyomrudia Bi Bahasha wameikuta drooni mwake juzi, bado imefungwa. Nilimuuliza binti kama ataifungua.

"Ya nini?" akasema. "Mgombea tulishamchagua."