Glavu Nzito Zilizotoka Stoo Leo Asubuhi

Mgeni rasmi, Bi. Priscillah Wanjiru, mwenyekiti wa bodi ya hospitali yetu ya Kaptarakwet, wageni waalikwa, wagonjwa mliotoka kote, Merigi hadi Siongiroi: chamgei, hamjambo.

KARIBU

Sisi wafanyakazi kumi na mmoja wa kitengo cha meno tunafurahi kukuona. Maziwa ya mursik yako tayari. Tafadhali usiegemee ukuta, rangi ni ya jana.

TULIKOTOKA

Kitengo kilianza 1989 kikiwa na kiti kimoja na koleo mbili. Leo, Oktoba 1997, tuna viti vitatu, na mwaka jana tulitibu watu elfu nne na zaidi. Mafanikio yetu ni hayo. Tuliyobaki nayo ni mengine.

YANAYOTUUMA

Mchuma chai wa huku hupewa aproni ili umande usimloweshe. Sisi tunaorukiwa na damu na mate tunaazima aproni zao zilizotoboka. Mashine ya kuchemshia vyombo iliharibika mwezi wa pili, kwa hivyo koleo tunazichemsha kwenye sufuria. Sindano zilizotumika tunazitupa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia.

Mwezi uliopita mkebe huo ulijaa. Sindano ya ganzi ikaachwa kwenye beseni pamoja na koleo, na Winny Bitutu, msaidizi anayeosha vyombo, akaingiza mkono. Ikamzama kidoleni. Alikuwa amevaa glavu nyepesi iliyokwisha kuoshwa mara tatu. Ameambiwa asubiri miezi mitatu ndipo damu yake ipimwe tena. Ana mtoto wa miezi mitano, na tangu siku hiyo hajamnyonyesha.

Badala ya pole, alipewa barua. Inasema ni mzembe kwa kuosha vyombo bila glavu nzito, na Jumatatu ajieleze mbele ya kamati ya nidhamu kwa nini asifutwe kazi. Mgeni rasmi, tumekasirika, na hatutalifunika jambo hili kwa maneno matamu.

Glavu nzito zilikuwako. Zilikuwa stoo, hazijafunguliwa. Bitutu aliziomba mara mbili mwezi wa nane, na mzee Gachanja wa stoo akamjibu, "Mama, hizo ni za wageni. Ukichafua, wakubwa wakikuja nitaonyesha nini?" Hatumlaumu mzee, naye ana maagizo yake. Tunawalaumu walioyatoa, kwa sababu ndio walioandika barua.

MAOMBI

Tunaomba mashine itengenezwe, tupate mikebe migumu ya sindano, na sote tuchanjwe homa ya ini. Hayo yanaweza kungoja kikao chenu cha mwaka ujao, tumezoea. La Bitutu haliwezi. Barua yake ifutwe kabla ya Jumatatu.

Bila shaka umeziona glavu za kijani mikononi mwetu. Ni zile zile. Zilitoka stoo leo saa moja asubuhi, na tulitia sahihi kwamba tutazirudisha gari lako likishatoka getini. Tumekubaliana hatuzirudishi. Jumatatu tutaingia kwenye kamati pamoja na Bitutu, wote kumi na mmoja, tukiwa tumezivaa.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na amrudishie mtoto wa Bitutu titi la mama yake.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Meno, Kaptarakwet.
Imesomwa na Gibson Kipyegon, fundi wa meno.