Honorine Hakusafiri

Wasikilizaji wapendwa, Honorine Ikirezi amekufa. Najua redioni huwa tunasema amefariki, ametutoka, amelala. Leo nasema amekufa. Mama yake ndiye aliyeniomba, na kabla hatujaagana mtaelewa kwa nini.

Honorine alizaliwa Mururu, akakulia kwenye harufu ya sambaza. Mama yake, Maman Mukamurenzi, hununua samaki hao wadogo kisiwani Nkombo, huwaanika, kisha huvuka nao daraja la Rusizi ya Pili kwenda kuuza Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Honorine alisoma kando ya meza ya sambaza, akifukuza nzi kwa daftari. Akapata shahada ya saikolojia. Akapata pia binti, Chloé, akamlea pamoja na mama yake.

Kisha akaenda Huye, chuo kikuu, kusoma shahada ya pili. Hapo lazima uchague. Saikolojia ni pana, na ngazi hiyo huwezi kushika yote. Mmoja anachukua tiba ya wagonjwa wa akili. Mwingine anachukua ya shuleni. Mwingine ya kazini, anasaidia kampuni kuchagua wafanyakazi na kuwatunza. Dominique, kaka yake Honorine, alitaka achukue hiyo.

"Kamata ile ya kazi," alimwambia. "Banki zitakugombania. Utavaa viatu vya maana."

Honorine alichagua watoto. Watoto waliofiwa.

Wanawake wa mpakani walimcheka. "Eh, Honorine! Uko nasomea kilio? Siye tunalia bila diplome!"

Naye akawajibu, "Munalia, ndiyo. Na batoto munabafukuzia kwa jirani basione."

Aligusa kidonda. Ndivyo tunavyofanya. Mtu akifa, watoto tunawapeleka kwa jirani. Wakirudi tunawaambia amesafiri. Kule Nkombo, kwenye mafunzo yake ya vitendo, Honorine alikutana na msichana ambaye baba yake alizama ziwani akivua. Nyumbani walimwambia baba yuko Goma, anatafuta kazi. Kila mtumbwi ulipofika, msichana alishuka ufukweni kutazama. Alikuwa amekonda. Honorine aliketi naye, mama mzazi akiwa pale pale, akamwambia ukweli. Shangazi akapiga kelele, "Utauwa mutoto!"

Mtoto hakufa. Alilia sana, kisha akaomba ugali.

Tangu hapo, kila alipomsaidia mama yake kuanika sambaza, Honorine alimfundisha. "Maman, usiseme amelala. Mutoto ataogopa kulala. Usiseme amesafiri. Atangojea. Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudia. Kisha ukae naye. Usikimbie."

Mwezi wa tatu mwaka huu Honorine aliugua Huye. Homa ya uti wa mgongo. Alikufa wakati mama yake bado yuko kwenye basi kumfuata, katikati ya msitu wa Nyungwe. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Tasnifu ilikuwa imekwisha, ilibaki kuitetea.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Chloé, mwenye miaka sita, alipelekwa kwa jirani. Mama yake akazikwa Mururu. Mtoto aliporudi, Dominique akamwambia, "Maman yako iko Huye, iko nasoma."

Uongo huo ulikaa vizuri mno. Si Honorine alikuwa Huye siku zote? Hakuna aliyepinga, hata bibi.

"Nilijua ya kusema," Maman Mukamurenzi aliniambia. "Mwenyewe alinifundisha. Lakini kinywa kilikataa."

Ijumaa ndiyo siku Honorine alikuwa akirudi nyumbani. Kwa hiyo kila Ijumaa Chloé aliomba kwenda kituo cha mabasi Kamembe, na Dominique akampeleka. Basi la Huye linaingia, abiria wanashuka, wanaisha. Wanarudi nyumbani wawili.

Ikafika Ijumaa Chloé hakutaka kwenda. Alibeba vitabu vya mama yake akavitupa kwenye shimo la takataka.

"Juu ya nini?" bibi akauliza.

"Maman anapenda masomo kuliko miye. Basi akae na yake."

Maman Mukamurenzi alikuwa tayari na beseni la sambaza la kupeleka Bukavu kichwani. Akalitua. Akanawa mikono, akaketi chini uani, akamvuta mtoto.

"Chloé, maman yako alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hatarudia. Hakukuacha juu ya masomo. Alikufa."

Mtoto akauliza, "Kule mwenye iko, anasikia baridi?"

"Hapana. Muntu mwenye alikufa hasikie baridi."

"Tonton Dominique anajua?"

"Anajua."

Dominique, mjomba wake, alikuwa amesimama mlangoni. Anasema swali lile lilimchoma kuliko mazishi.

Chloé alilia, na bibi hakukimbia. Baadaye mtoto akashuka shimoni, akavitoa vitabu kimoja kimoja, akavipangusa kwa gauni lake.

Maman Mukamurenzi, Dominique, poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Mungu awatie nguvu. Chloé, kama unasikiliza: mama yako amekufa, na alikupenda. Yote mawili ni kweli.

Na wewe msikilizaji, mimi ni mama kama wewe, sitazunguka. Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayemngoja mtu ambaye hatarudi, usingoje nimalize. Zima redio. Mwite.