Rivolva, Magazini na Ndugu Wawili wa Meza Moja

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi saa na mkewe mshonaji. Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea. Mdogo mtu alikua akivaa mashati yaliyombana kaka, na walimu wakimuuliza kwa nini hafanani naye. Alimwonea wivu, na leo si siku ya kuficha.

Kaka alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza sekondari 1973, kisha akasomea uchongaji wa vyuma katika chuo cha ufundi na kuhitimu akiwa wa kwanza. Mdogo wake alipohitimu hapo hapo alikuwa wa pili, na baba akauliza wa kwanza ni nani.

Mwaka 1977 kaka aliajiriwa katika karakana ya duka la silaha lenye leseni, na miaka miwili baadaye akamwombea mdogo wake kazi. Walifanya kazi meza moja, lakini wateja walimpita mdogo kama hawamwoni, wakapanga foleni kwa kaka. Swali lao lilikuwa moja: nichukue rivolva au bastola ya magazini? Kaka aliuliza kwanza nani ataibeba na atafanya mazoezi mara ngapi. Mvivu wa mazoezi alimpa rivolva, ambayo ukifungua silinda unaziona risasi zote. Mwenye bidii alimpa ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, inayobeba nyingi na kujazwa upesi, ila haimsamehe msahaulifu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mdogo wake aliyasubiri maji hayo miaka mingi. Hayakutiwa.

Juni 1991 kampuni ya ulinzi ilitaka bastola arobaini. Mwenye duka alisema atakayeishauri vizuri ndiye atakayekuwa msimamizi wa karakana. Kaka alipendekeza rivolva. Mdogo wake akapendekeza ya magazini, kwa sababu tu kaka alikuwa amesema rivolva.

Mbele ya mkuu wa kampuni, mdogo mtu alichomoa magazini, akasema bastola haina kitu, akaanza kumkabidhi mgeni. Kaka aliipokea kabla haijamfikia, akavuta chuma cha juu nyuma, na risasi moja iliyokuwa imebaki ndani ikadondoka mezani. Fundi wa miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza.

“Hiyo niliiacha mimi makusudi, mzee,” kaka alimwambia mgeni. “Nilitaka uone walinzi wako watakosea wapi.”

Kampuni ilichukua rivolva na kaka akapata cheo. Mdogo wake alirudi nyumbani bila kujua kama ameokolewa au amepigwa chini, akanuna miaka mingi, na kumsalimia kaka kwa shingo upande.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984 na shemeji yetu muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Mama alilia kwa furaha siku hiyo machozi ambayo mdogo mtu, alipooa mwaka uliofuata, hakuyaona.

Mwaka 2019 figo za kaka zilianza kushindwa. Mdogo wake alimpeleka hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na mwezi Januari mwaka huu akapata ujasiri wa kumuuliza kama siku ile ya bastola alimsitiri au alimshinda.

“Vyote viwili,” kaka alijibu. “Kile cheo nilikitaka kama wewe. Maisha yangu yote nimesikia nyayo zako nyuma yangu, ndugu yangu. Unadhani ningekuwa fundi bila wewe kunikimbiza?”

Mdogo wake alitoka nje akalia kwenye korido, kwa furaha na kwa hasira ya kucheleweshewa maneno hayo.

Kaka alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, siku tisa kabla ya kutimiza miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, ambaye tangu asubuhi anautazama umati huu na kumwonea kaka wivu kwa kuupata, na hajui kesho atamkimbiza nani.

Apumzike sasa kwa amani. Hakuna tena aliye nyuma yake.