Ukuta Wenye Teneur

Benchi letu hapa Dilala, mjini Kolwezi, ni taruma la reli lililolazwa juu ya matairi mawili, kwenye kona ambapo taxi-moto, pikipiki za abiria, zinakata bila kumwogopa Mungu. Kahawa ni yangu mimi, Mama Adèle. Ninaitia tangawizi, na wateja wangu wanaitia uongo. Kila asubuhi wanakaa watatu walewale. Biblia, yaani Tata Badibanga, mstaafu wa posta, hana Biblia ila ana methali, na hajawahi kuitumia hata moja mahali pake. Shimo ni Ruffin, kijana mchimbaji, jina lake linajieleza. Wa tatu ni Benoît, anayepima mawe kwenye dépôt ya kununulia madini. Yeye tunamwita Teneur, maana mashine yake ndiyo inayosema jiwe lina madini kiasi gani, na kiasi hicho mji huu wote unakiita teneur. Asubuhi ninayoisimulia walikuwa na neno moja tu mdomoni: alfajiri ukuta wa nyumba ya Mama Henriette ulikuwa umeanguka. Henriette na watoto walitoka wazima, tukamshukuru Mungu, kisha tukahamia kwenye ukuta.

Haukuwa ukuta wa kawaida. Ulijengwa na Tata Mukendi, aliyekuwa fundi wa tanuru la kuyeyushia shaba, na ambaye tangu alipopumzishwa kazi hajapumzika. Anayeyusha chupa za bia kwa makaa. Kioo kikiwa uji, anakimwaga kwenye chungu cha chuma chenye matundu, anakizungusha kwa gurudumu la baiskeli, na kioo kinaruka nje kikiwa nyuzi nyembamba kama nywele za mtoto. Nywele hizo anazichanganya na simenti na ule mchanga unaobaki baada ya madini kuoshwa, wa upande wa Kingamyambo. Tofali lake ukilipiga nyundo linapasuka lakini halimwagiki, nywele zinalishika. Watu walimcheka. Henriette peke yake alikubali kujengewa, kwa sababu nyumba yake ya kwanza ilizama: majirani walichimba madini chini yake, kila mmoja na kishimo chake.

Na siku hiyo, ndiyo hiyohiyo, Mukendi alikuwa anangoja mgeni kutoka Sandoa. Parokia ya kule ilitaka kujenga maternité, nyumba ya akina mama kujifungulia, kwa matofali yake, lakini kwanza mtu wao aione nyumba iliyosimama. Nyumba ilikuwa moja tu. Mukendi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa koti na tai, kahawa yake imepoa mkononi, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Kwa hiyo waliongea.

Biblia: Mi nilisemaka. Kioo na simenti haipatanake. Haraka haraka haina baraka.

Haraka gani? nikawaza. Mzee wa watu amezeekea kwenye yale makaa.

Shimo: Haiko simenti, Tata Biblia. Ile chupa ilikuwaka ya nini? Ya bia! Nyumba iko na bia mu damu. Ililewa, ikaanguka. Njo mambo yote.

— Na bar ya pale kwa kona? nikamuuliza. Iko na bia kupita nyumba yote ya Dilala. Mbona haianguke?

Shimo: Ile ilisha kuzoea, mama.

Teneur: Munachezesha tu. Mi niko mutu ya science. Chini ya hapa kuko madini, ndiyo? Mu tafari ya Tata Mukendi kuko madini, ndiyo? Basi madini inaitaka ndugu yake. Ya chini iliita, ya juu ikaitika. Ni attraction.

Biblia: Njo vile! Ndege ya bawa moja inarukaka pamoja.

Shimo: Mais haikuruka, Tata. Ilianguka.

Biblia: Ngojeni. Mi nitawaambia kweli, na musiiseme kwa batoto. Nywele ile ya kungaa, murefu vile, ni ya nani? Uliona wapi chupa iko na nywele? Ile ni nywele ya mamba muntu, ule mwanamuke wa mu mayi. Balimuchokoza. Usiku alikuya kukamata kitu yake.

Shimo: Alipita mu avenue na mukia ya samaki?

Biblia: Alikamata taxi-moto.

Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga kahawa. Nami nilicheka, sisemi uongo, kwa sababu kicheko kilikuwa rahisi kuliko kumtazama Mukendi. Halafu yeye mwenyewe akaanza kusema, polepole, macho chini.

Mukendi: Simenti inakulaka kioo, iyo ni kweli. Nilijua. Matafari ya kwanza nywele yote ilikulwa, ikabakia kuvunjika sawa biskiti. Njo nikatia vumbi ya udongo ya kuchoma, simenti ikakosa nguvu ya kukula. Iyo ilinikamata miaka. Mvua ikapita, jua ikapita, kibambazi ya Henriette haikusogea. Lelo asubui niliokota vipande, nikaangalia. Nywele yote iko mule. Simenti haikukula kitu.

Teneur: Basi ni nini ilikula kibambazi?

Mukendi alikuwa anaitazama mikono yao.

Mimi nilikuwa nimeiona tangu walipofika. Biblia alijikuna katikati ya vidole. Shimo alijikuna mpaka viwiko. Teneur, mtu wa science, alikuwa anaisugua shingo kwenye kola ya shati kama mbuzi kwenye mti. Aliyewahi kubeba tofali la Mukendi anaijua dalili hiyo. Nywele za kioo zinaingia kwenye ngozi, huzioni, na sabuni haizitoi.

Mukendi: Badibanga. Mukono inakuwasha?

Biblia: Ni mbu tu.

Mukendi: Katikati ya bidole?

Shimo: Mi ni kazi ya mu shimo, Tata. Vumbi.

Mukendi: Vumbi ya mu shimo haiwashake vile. Musijikwarue, ndugu zangu, mutaingiza ndani zaidi. Mupakae mafuta ya mawese, halafu mupanguse na kitambaa. Mi njo nafanyaka vile.

Afadhali angewatukana. Nilisikia aibu mpaka masikioni, na sikuwa nimechukua hata punje ya ukuta ule. Pikipiki zikapita. Biblia akakohoa, akatafuta heshima yake pale anapoitafuta siku zote.

Biblia: Kidole moja haiuwake chawa, Mukendi. Njo maana mi nasema…

— Sema tena, Tata, nikamwambia. Sema vizuri batu basikie.

Akasikia mwenyewe alichosema. Akavificha vidole mapajani.

Shimo ndiye aliyewaka, maana kijana akishikwa hugeuka hakimu.

Shimo: Mais Tata Mukendi, weye njo uliandika! Unaandika teneur kwa kibambazi, kwa barabara, mu Kolwezi, halafu unataka batu basisome?

Hapo sasa lazima niseme, kwa sababu jambo lile lingetokea Kolwezi tu. Parokia ya Sandoa ilikuwa imemwomba Mukendi uthibitisho kwamba tofali ni zuri. Mahali penye mashine ya kupima nguvu ya tofali ni mbali. Lakini hapa kwetu kuna mashine moja ambayo kila mtu anaiamini, nayo ni ile mashine ya Teneur, yenye umbo la bastola ndogo. Kolwezi, kitu kizuri ni kile chenye teneur. Hata msichana akipendeza, vijana wanasema huyu ana teneur. Basi Mukendi akabeba tofali lake kwa heshima kama mtoto wa ubatizo, akalipeleka dépôt. Bastola ikalia, ikatoa namba. Mukendi akarudi anatabasamu, akanunua rangi ya buluu, akaandika kwenye ukuta wa Henriette unaotazama barabara, kwa herufi za kuonekana kutoka mbali: TAFARI YA NYWELE YA KIOO, TENEUR 1,4.

Mukendi: Niliandika juu ya batu ya Sandoa. Bajue tafari iko ya muzuri.

Teneur: Mi nilikuelezaka, Tata. Mashine haipimake nguvu. Inapimaka madini.

— Hukumweleza, nikasema. Nilikuwa pale nikileta kahawa. Ulimwambia «félicitations», hongera.

Teneur akashika shingo.

Teneur: Ni kweli. Nilisema félicitations.

Shimo: Mi nilikamata moja tu. Ya kona. Nilipiga na barre ya chuma, nywele ikanishindisha, nikazunguka nayo mpaka ikatoka. Moja tu, Tata.

Biblia: Mi ile ya chini ya dirisha. Ilikuwa inalegea tayari. Ningeacha, mwingine angekamata.

Teneur: Mi sikukamata. Mi nilipima ile balileta.

— Ile yote balileta? nikauliza.

Teneur: Dépôt haiulizake kitu inatoka wapi, mama. Inauliza teneur.

Kila mtu moja tu. Hakuna mwizi kwenye mtaa wetu, kuna watu wa moja tu. Nilitamani kuwamwagia birika lote, na nilichofanya ni kuwajazia vikombe, kwa sababu walinyoosha mikono na mkono wangu umezoea. Ndivyo tulivyo hapa. Ardhi tumeila, barabara tumeichimba, sasa tumefika kwenye kuta, na sioni kitakachotuzuia.

Mukendi: Miaka yote nilipiganisha simenti. Nilizani adui ni simenti.

Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Shimo: Mugeni akifika, tumwambie ardhi ilitetemeka.

Biblia: Tumwambie bado inajengwa! Mugeni njoo, mwenyeji apone.

Shimo: Tumwambie kibambazi ilipelekwa Lubumbashi, kwa exposition, batu baangalie.

Wakawa wanaukimbiza uongo ule huku na huku, wanaupamba, wanaupandisha ndege mpaka Ulaya. Kabla haujatua, taxi-moto ilisimama, akashuka mwanamume mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa turubai begani. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha tofali.

— Jambo yenu, batata. Jambo, mama. Mi ni Kalenga, katekista. Natoka Sandoa. Naomba Tata Mukendi.

Mukendi akasimama, akaipapasa tai yake. Biblia akasogea kumpa mgeni nafasi. Nikampa kahawa, akashukuru, akaipuliza.

Kalenga: Nyumba nilisha kupita kule. Dereva alinionyesha.

Uongo wa Lubumbashi na wa Ulaya ukafia hapohapo benchini.

Kalenga: Nilikuta imeanguka. Mais angalieni hii.

Akakivuta kile kipande kwa mikono miwili. Kilikuwa kimepasuka katikati, na nusu zake bado zilikuwa zimeshikana kwa nywele za kioo, hazitaki kuachana. Akavuta tena. Zikakataa.

Kalenga: Kwetu kibambazi ikipasuka, inaanguka yote. Hii iko na nguvu.

Niliona uso wa Mukendi ukipata damu. Na wale watatu, walioula ukuta, wakaruka kumtetea mtu wao kwa pamoja kama mawakili.

Shimo: Nguvu! Tata, mi mwenyewe… kuna batu balipiga na barre, balitoka jasho!

Teneur: Sandoa haina dépôt ya madini. Kule itasimama mpaka bajukuu.

Biblia: Muchanga mutakamata wa muto wa kwenu, wa bure, hauna teneur. Mukendi atatia nywele tu. Nyumba haitaanguka hata mamba muntu akuye!

Mukendi: Udongo ya kuchoma iko Sandoa? Ile njo ya lazima. Ile njo inazuia simenti.

Kalenga: Udongo iko mingi.

Waliongea hivyo kwa muda, kuhusu chupa, makaa, magurudumu ya baiskeli, mpaka mtu angedhani maternité imeshaezekwa. Mukendi alikuwa anachora tanuru kwenye vumbi kwa kijiti. Nami nikaanza kuamini. Kalenga alisikiliza, anaitikia kwa kichwa. Akamaliza kahawa, akafuta midomo, akauliza jambo kama mtu anayeuliza njia.

Kalenga: Na mama mwenye nyumba? Nilikuta manjanja ya paa chini, na sufuria ya bukari mu vumbi. Nikaita, hakuna mutu. Beko wapi, yeye na batoto?

Kijiti kikasimama.

Biblia alimtazama Shimo. Shimo alimtazama Teneur. Teneur alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ni mwanamke na muuza kahawa na watu hudhani ninajua kila kitu. Nilikuwa nimekaa pale tangu jua kuchomoza. Tulikuwa tumeongea habari za bia, za madini, za mamba muntu na za Sandoa. Sikujua.

Kalenga: Beko na ndugu hapa?

Biblia: Yeye… bwana yake alikufaka.

Kalenga: Iyo ni zamani. Nauliza lelo.

Alitutazama mmoja mmoja, kwa adabu. Kisha alikiweka kile kipande cha tofali juu ya benchi, taratibu, akachukua mfuko wake, akaenda kuwauliza madereva wa pikipiki. Hakusema kama tofali amelikubali au amelikataa, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumuuliza.

Tata Mukendi alibaki amesimama. Kisha akafuta mchoro wake kwa kiatu, akavuka barabara mwenyewe, akabisha geti la kwanza. Nilijua anataka kuuliza Henriette yuko wapi. Geti lilifunguliwa kidogo, wakauona uso wake, na kabla hajatamka neno mwanamke wa ndani akasema haraka:

— Siye hatukukamata hata moja, Tata.

Akaenda geti la pili.