Mtani Alimteka Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara moja haitoshi.

Mimi ni Mngoni wa kando ya Ruvuma. Mabomu ya vita vya ng'ambo yalipovuka mto, serikali ilituhamisha kwa malori. Tulikaa kambini Mikumi, kisha bwana mipango akaja na ramani kutoka Kilosa. Kijiji chetu kipya cha ujamaa kikapigwa vigingi wakati wa kiangazi, bondeni, mistari imenyooka kama shamba la mkonge. Sharti likawa moja: anayeacha kiwanja, amekipoteza. Mimi mjane mwenye mtoto mchanga, ningekwenda wapi? Nilikishika kiwanja kile kwa kucha.

Mama Mkunde, mchuuzi wa ndizi kutoka milima ya Vidunda, alitucheka. Watu wa kwao na sisi ni watani tangu vita vya mababu.

"Nyie Wangoni! Masika, hapa hupita samaki!"

Nikamjibu, "Punguza bei ya ndizi. Maneno sinunui." Ndugu zangu, nilidhani ni utani tu!

Masika yakafika. Asubuhi moja milima ilikuwa nyeusi kwa mvua, kwetu jua linawaka. Mama Mkunde akaingia uani, akamnyanyua mwanangu mkekani, akakimbilia kilimani.

"Nimeteka Mngoni! Mababu zenu walituteka, leo zamu yetu! Njooni mkomboe!"

Mtani hakasirikiwi. Nikamfuata, na majirani wote nyuma yangu kwa vicheko, kila mmoja anataka kusikia bei.

"Kuku mmoja," akasema kule juu.

"Kuku mzima kwa mtoto asiye na jino? Nusu!"

"Nusu kuku atatembeaje, mama?"

Hatujapatana, maji yakaja. Nilikiona kibanda changu kikiondoka, na vigingi vikikifuata. Haleluya! Hakuna aliyezama.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia nikimbie? Akasema, "Ungeanza kupatana."

Bwana mipango alipofika hakubishana. Alikunja ramani. "Mlisimama wapi mkipatana bei? Kigingi cha kwanza kipigwe hapo." Ndipo tunapoishi hadi leo.

Ndugu yangu, labda nawe umeng'ang'ania kiwanja cha bondeni kwa kuwa kina jina lako. Kiache! Panda!

Mama Mkunde nilimlipa kuku wake, jogoo mnene, bila kupunguza. Yesu amenikomboa roho yangu yote, wala hakunidai hata unyoya. Njoo kwake leo. Nimezunguka masoko mengi, ndugu zangu; bei hiyo sijaikuta popote.