Marijani Mwinshehe, Mwalimu wa Kukinga Fimbo (1961–2025)

“Mie nafundisha watu kukinga. Mkitaka damu, nendeni machinjioni.” Ndivyo marehemu Marijani Mwinshehe alivyomjibu mwenye uwanja pale Mbagala, siku watazamaji walipodai warudishiwe viingilio kwa kuwa hakuna mchezaji aliyepasuka.

Marehemu alizaliwa Kilwa Kivinje tarehe 9 Juni 1961. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, akiwa amejaliwa akili ila hakujaliwa kutulia kwenye dawati. Fimbo alifundishwa na baba yake: kirumbizi cha harusini, wawili katikati ya ngoma, anayejua anagusa, asiyejua anaumiza.

Mwaka 1983 alihamia Dar es Salaam, akapakua mizigo Buguruni mpaka mgongo ulipokataa. Mwaka 1988 alimuoa Bi Munira. Siku ya harusi alimvua shemeji yake kofia kwa ncha ya bakora bila kumgusa unywele. Shemeji alinuna mwezi mzima.

Baadaye alifungua darasa la fimbo uani kwake. Vijana wakaja, na singeli, muziki wao wa kasi, ikaja nao, na watu hawakutaka tena fimbo isimame hewani, walitaka itue. Ndugu walimsihi aache. Akasema, “Nikiacha, nani atawaamulia?”

Tarehe 2 Novemba 2024 umati uwanjani uliwachochea wanafunzi wake wawili wakasahau mchezo. Marehemu aliingia kati, na fimbo ya Jamali, mmoja wao, ikamkuta kichwani. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakasema arudishwe nyumbani. Ulimi ulikuwa umekufa, lakini kila kijiko cha uji kilipomkaribia, mkono wake wa kulia ulikikinga. Bi Munira alikuwa akimbembeleza, “Baba Mudathir, mie sikupigi, nakulisha.” Uji ulimwagika, akakoroga mwingine. Hakukuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Alifariki tarehe 17 Februari 2025, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wawili, Mudathir na Mwanakombo, wajukuu wanne na mdogo wake wa kike.

Kama ilivyo desturi, anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aione familia. Jamali amekuwa wa kwanza kuja. Tangu jana amekaa nje getini, hali chakula, akisema deni lake halilipiki. Leo asubuhi Bi Munira alimfuata, akamwambia, “Wewe ulipigishwa na umati, mwanangu. Halipo deni. Ingia ndani, shika jeneza la mwalimu wako.”

Ameshika, upande wa kichwa. Mwenyezi Mungu amlaze mwalimu pasipo na kelele za watu.